Mjukuu wa Kike wa Mama Rizq

Mtoto hajamaliza hata kilio chake cha kwanza, Mama Rizq alikuwa ameshafungua dirisha la juu na kuutangazia mtaa mzima kwamba amepata mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni wa kike. Alitangaza kwa sauti ya mtu aliyepokea alichopewa, bila kulalamika wala kurukaruka. Majirani wakapiga kigelegele kimoja cha heshima, wakarudi kwenye masufuria yao. Ndivyo alivyotaka. Kigelegele kimoja hakimwamshi mwenye husuda.

Ndani, mkwewe Yustina alikuwa amelala hoi, na mkunga alikuwa anamfuta mtoto mnene, mwekundu, mwenye hasira.

"Mama," Yustina akauliza kwa sauti ndogo, "umesema wa kike?"

"Nimesema."

"Lakini mbona ana..."

"Nimekiona alichonacho. Unadhani nilikimbilia dirishani kwa nini?"

Akamgeukia mkunga, akamwapisha mbele ya picha ya Mtakatifu Jirjis aliyekuwa ukutani anamchoma joka lake. Mkunga akaapa kwamba hatamwambia mtu, akaomba sabuni. Rizq, baba wa mtoto, aliyekuwa Kuwait akipiga lipu nyumba za watu, alipigiwa simu akanong'onezwa ukweli, naye akaapishwa kabla hajapewa nafasi ya kufurahi.

Usimcheke upesi mwanamke huyu. Kijiji cha Nazlet Bulos, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Minya, kilimjua kama mtu wa kanisa hasa: alifunga saumu zote, hata zile ambazo zikifika wengine hujikumbusha kwamba wana vidonda vya tumbo. Lakini zamani, kabla hata hajaitwa Mama Rizq, alikuwa amezaa mtoto wa kwanza, jina lake Wadie. Siku ya sikukuu jirani yake Galila aliingia, akamwinamia mtoto na kusema, "Jamani, uso kama mwezi!" Jioni mtoto akashikwa na homa. Wiki haikuisha, wakamzika.

Na Galila ana macho ya buluu. Katika kijiji ambacho macho ya kila mtu yana rangi ya kahawa, macho ya buluu hayahitaji shahidi wa pili. Rizq alipozaliwa, mama yake alimtoboa sikio, akamtia hereni, akamvalisha magauni na kumwita Rizqa mpaka alipofikia umri wa shule, maana binti haamshi husuda. Rizq akaishi, akanenepa, akakua akawa mwanamume wa mabega mapana. Kwa Mama Rizq hoja ilikuwa imefungwa: mtoto aliyeonekana alikufa, mtoto aliyefichwa alipona.

Galila naye alikuwa mshonaji, tena hodari, na vazi jeupe la ubatizo la karibu kila mtoto wa pale lilitoka kwenye cherehani yake. Ila akina mama hawakumpelekea watoto awapime. Walimpelekea uzi wenye mafundo: fundo la urefu, fundo la kifua, fundo la mkono. Galila alipokea uzi mlangoni, akashona, akarudisha vazi, wala hakuuliza. Barabarani alitembea akitazama vidole vya miguu yake. Watu walisema ni kiburi.

*

Siku ya saba Abuna Bisenti, kasisi wa kijiji, alikuja kusali juu ya beseni la maji, kumwosha mtoto na kumpa jina. Mishumaa iliwashwa, kila mmoja na jina lake, na jina la utakaodumu kuliko mingine ndilo mtoto atakalolichukua. Mama Rizq alikuwa ameununua mshumaa wa "Dimyana" mwenyewe, na ulikuwa mnene mara mbili ya wenzake. Hakuona dhambi hapo. Alimsaidia tu Mungu kuchagua.

Kazi ilikuwa kwenye kuosha.

"Nipe mtoto, nimfunue," akasema Abuna, akikunja mikono ya joho lake.

"Usimfunue, Abuna. Atapata baridi."

"Mama Rizq, huu ni mwezi wa nane. Mimi mwenyewe nimelowa jasho mpaka soksi."

"Baridi ya mwezi wa nane ndiyo mbaya kuliko zote."

Abuna akamtazama, akatazama beseni, akamwosha mtoto na kitambaa chake juu kama mtu anayeosha zawadi ambayo haijafunguliwa. Katikati ya sala alirudi nyuma hatua moja ghafla, akafuta ndevu, akaendelea. Mama Rizq akamshukuru Bikira kwamba limepita salama.

Likapita kweli, mpaka Rizq alipokuja likizo.

Alishuka na mabegi matatu na mdoli wa kike aliokuwa ameununua uwanja wa ndege kwa aibu, kulinda siri ya mama yake. Alipombeba mwanawe mara ya kwanza alilia waziwazi, na siku hiyohiyo akaenda kwa Abuna kuomba mtoto abatizwe kabla yeye hajarudi kazini. Alirudi uso umemshuka.

"Anasema wa kiume ni siku arobaini, wa kike themanini," akamwambia mama yake. "Anasema Dimyana bado sana. Mama, mimi themanini hazinikuti hapa. Nikiondoka sasa, nitamwona tena akiwa anatembea. Na Yustina naye akae nje ya kanisa siku zote hizo, kwa ajili ya binti ambaye hayupo?"

"Utaona picha."

"Picha!" Rizq akasema, akaenda kukaa juu ya paa na njiwa.

Hapo ndipo mtoto alipoanza mafua. Mafua madogo tu, ya pua, lakini Mama Rizq alilala akihesabu pumzi zake. Maana hofu moja alikuwa ameizoea, ameitengenezea hereni na magauni. Sasa ilikuja ya pili: je, kama mtoto angeondoka kabla ya kubatizwa? Akimtangaza wa kiume, jicho litampata. Akimwacha wa kike, atakaa bila ubatizo siku nyingine arobaini, na nani anazijua siku arobaini zina nini ndani? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hawakusema lolote kuhusu anayeficha uchi wa mjukuu, labda kwa sababu hawakuwahi kumwona mtu wa namna hiyo.

Asubuhi alikuwa uani akipanga mikate juani iumuke, Rizq akamjia na chai yake.

"Mama, nataka kumwita Wadie."

Donge la unga likamponyoka mkononi. "Usilitaje jina hilo."

"Ni jina la kaka yangu."

"Nimesema usilitaje! Unataka nini, Rizq? Unataka tuliite tena jicho lije? Wewe uko hai kwa sababu ya nini, unajua? Unajua ni nini kilichokuponya?" Akamshika sikio, pale ambapo tundu la hereni lilikuwa bado linaonekana, akalivuta. "Hiki hapa!"

Rizq hakulitoa sikio. Alisema polepole, "Mimi miaka yote hii kanisani nilikuwa namshukuru Mungu. Kumbe nilikuwa nakosea mlango. Ningeishukuru hereni."

"Usinijibu hivyo."

"Nakuuliza tu. Iko wapi, niibusu?"

Mama Rizq akamrushia kitambaa cha mikate. Lakini alipobaki peke yake alijikuta amesimama katikati ya ua na unga mikononi, na mikate inaumuka bila yeye. Hereni ile alikuwa ameitunza kwenye kopo la biskuti, imefungwa kwenye pamba. Sanamu ya Bikira iliyokuwa chumbani kwake alikuwa hajaipangusa vumbi tangu Pasaka. Jambo hilo lilimchoma.

Akanawa mikono, akaenda kwa Abuna.

*

Alimkuta Abuna Bisenti nyuma ya kanisa, amepanda ngazi anatengeneza tundu la njiwa, msumari mdomoni.

"Abuna, shuka. Nina dhambi."

"Ni kubwa? Kama ni ndogo nimalizie msumari huu."

"Ina siku arobaini na kidogo, na ina kilo tano."

Abuna akashuka. Wakakaa kwenye benchi, naye Mama Rizq akaeleza yote, dirisha, kiapo, mshumaa mnene, beseni, bila kuinua uso. Alipomaliza akasikia sauti kama ya birika linaloanza kuchemka. Abuna alikuwa anacheka mpaka msalaba unarukaruka kifuani.

"Unanicheka, Abuna!"

"Nisamehe. Nilikuwa nangoja tu uje mwenyewe. Mimi nilijua tangu siku ya beseni."

"Ulijuaje?"

"Alinikojolea, Mama Rizq. Kupitia kitambaa, mpaka kwenye ndevu. Nimewaosha watoto miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba binti hapigi juu namna ile."

Mama Rizq akajifunika uso kwa shela. Hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili kidogo kidogo. Abuna alimngoja, kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Unamwogopa nani?"

"Unamjua."

"Mtaje."

"Galila. Jicho lake."

"Na Mungu humwogopi?"

"Ala! Namwogopa sana Mungu."

"Ndiyo shida yenyewe. Umempanga kwenye foleni moja na Galila, na Galila yuko mbele." Akachukua msumari wake, akauzungusha. "Ukipanda pantoni kwenda Minya sokoni, huwa unamwomba nahodha akuonyeshe chini ya mto?"

"Nikaone nini huko? Napanda, nashika kuku wangu, namwangalia nahodha."

"Na ukifika?"

"Nauza kuku."

"Basi."

"Basi nini, Abuna? Wadie nilimshika hivyohivyo! Nilimshika kwa mikono miwili, na nahodha alikuwepo!"

Alikuwa amepiga kelele. Njiwa waliruka, wakazunguka, wakarudi. Abuna hakumwambia ni mapenzi ya Mungu, maana alikuwa na akili.

"Alikuwepo," akasema. "Sijui kwa nini Wadie alishuka mapema. Ningejua ningekuambia. Lakini nahodha hakubadilika, Mama Rizq, na mtu aliyekuwa amekaa benchi la nyuma hakutoboa pantoni."

Mama Rizq akafuta pua.

"Jumapili tunambatiza," Abuna akaendelea. "Arobaini zimekwisha, mvulana ni mvulana. Na wewe ndiwe utakayembeba, utakayemkataa Shetani kwa niaba yake."

"Nifanyie moja, Abuna. Iwe alfajiri, milango imefungwa, sisi tu."

"Sibatizi kwa wizi."

"Basi nitie ushanga mdogo tu wa kuzuia jicho, ndani ya taulo..."

"Mama Rizq!"

"Nimeuliza tu. Kuuliza si dhambi."

*

Vazi la ubatizo lilikuwa limeagizwa zamani kwa Galila, kwa uzi wenye mafundo kama kawaida: gauni la kike, jeupe, lenye kamba nyekundu kiunoni. Jumamosi Yustina akaenda kulichukua, akarudi mikono mitupu. Galila alikuwa amesema atalileta mwenyewe kanisani.

"Mwenyewe?" Mama Rizq akauliza. "Tangu lini analeta mwenyewe?"

"Alisema hivyo, akanifungia mlango taratibu. Mama, tumwambie asije?"

Ilikuwa nafasi nzuri. Neno moja tu lingetosha, na Galila, aliyezoea, angekaa nyumbani. Mama Rizq alifungua mdomo kulisema, akaufunga. "Kanisa si langu," akasema, na usiku kucha akajilaumu kwa kusema hivyo.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko sikukuu. Wanawake wa mtaa wote walikuwapo, na walikuwa na namna fulani ya kutazamana iliyomsumbua Mama Rizq, kama watu waliobana kicheko. Alimvua mtoto nguo, akamfunga kwenye taulo, akaibana taulo mara mbili. Ushanga wa buluu alikuwa nao, umefungwa kwenye pindo la shela lake. Hakuwa ameutia kwenye taulo. Aliona huo ni utii wa kutosha kwa siku moja.

"Geuka magharibi," akasema Abuna Bisenti. "Mtoto mkono wa kushoto, mkono wa kulia juu. Ufuatishe nisemavyo: Nakukataa wewe, Shetani."

Mama Rizq akageuka, akaipa madhabahu mgongo, akainua mkono na kuunyoosha mbele yake. Na mbele yake, mwisho kabisa wa kanisa, pembeni ya mlango wa magharibi, mahali aliposimama kila Jumapili ili mtoto wa mtu asijikute mbele ya macho yake, alikuwa Galila. Amekumbatia furushi jeupe. Anatazama vidole vya miguu yake.

Kiganja cha Mama Rizq kilikuwa kinamwelekea sawasawa.

"Nakukataa..." akaanza, akakwama.

"Wewe, Shetani," Abuna akamsaidia.

"Naku..."

Miaka yote hiyo alikuwa akisali sala hii moyoni mwake, kila asubuhi alipofungua dirisha, na kila asubuhi alikuwa ameielekeza kwenye nyumba ya jirani. Mwanamke yule alikuwa amekuja siku ile na sahani ya keki za sikukuu. Alikuwa amemwinamia mtoto kwa sababu alimpenda. Alikuwa amelia kwenye mazishi, nyuma, peke yake, na hakuna aliyempa hata kiti. Yote hayo Mama Rizq alikuwa ameyaona kwa macho yake ya kahawa, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Abuna, ngoja," akasema. Kisha akapaza sauti ileile ya dirishani. "Galila! Toka hapo mlangoni!"

Galila hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. Aliweka furushi kwenye benchi, akajitanda shela lake vizuri, akageuka atoke nje.

"Si huko! We mwanamke, unakwenda wapi? Njoo huku! Siwezi kumkataa Shetani na wewe umesimama njiani, atadhani nimekuchanganya na yeye. Njoo usimame na mimi."

Galila akainua macho. Kwa watu wengi mle ndani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyaona vizuri, na yalikuwa macho tu, ya mwanamke mzee, yamejaa maji.

"Mimi?" akauliza.

"Kuna Galila mwingine hapa? Njoo, na furushi lako."

Akaja. Njia ilikuwa ndefu na alitembea kama mtu anayepita juu ya vyombo vya watu. Alipofika, Mama Rizq akamshika kiwiko, akamweka ubavuni, wote wawili wakitazama magharibi, kwenye mlango ambao sasa haukuwa na mtu. Akainua mkono tena, akasema maneno yote kwa sauti iliyofanya kandili zitikisike: nakukataa wewe Shetani, na kazi zako zote, na hila zako zote. Alipofika kwenye hila aliongeza la kwake, "na zile ulizonifanyia mimi hasa," ambalo halimo katika kitabu, na Abuna akaliacha lipite.

"Sasa geuka mashariki."

Wakageuka pamoja. Mama Rizq akaungama imani, na Abuna akanyoosha mikono ampokee mtoto. Taulo ilikuwa imebanwa mara mbili. Mama Rizq akaifungua mwenyewe, mbele ya kijiji kizima, akamwinua mjukuu wake juu uchi kama alivyotoka kwa Mungu.

Akangoja mshangao. Hakuna aliyeshangaa. Upande wa wanawake mtu mmoja akasema, "Haya, hatimaye!" na kicheko kilichobanwa tangu asubuhi kikatoka chote kwa mpigo mmoja. Hata mashemasi walikuwa wanafuta macho.

"Mlijua?" Mama Rizq akawageukia. "Nyote?"

Akamtafuta mkunga. Mkunga alikuwa amevutiwa ghafla sana na picha za dari.

"Alituambia kabla hajanawa mikono," akasema Galila polepole.

"Hata wewe? Tangu siku ya kwanza?"

Galila akafungua furushi. Halikuwa gauni. Ilikuwa kanzu ndogo ya kiume, na kofia yake, imetariziwa misalaba myeupe midogo kifuani kote, kazi ya wiki nyingi. "Uliniletea uzi wa binti," akasema. "Lakini mafundo yalikuwa ya mvulana. Mabinti hawazaliwi na kifua hicho. Nilimshonea huku namwombea. Nisamehe, nilifanya bila ruhusa."

Mama Rizq akamtazama mjukuu wake, mnene, mwenye afya, mafua yamemtoka bila kuaga. Siku zote hizi macho ya buluu yalikuwa yanamjua, yanaikodolea tarizi ya kanzu yake, yanamwombea. Alikuwa amemficha mtoto mahali ambapo hakuna aliyekuwa anamwinda.

"Maji yanapoa," Abuna akakumbusha. "Jina lake nani?"

Rizq alifungua mdomo, akaona uso wa mama yake, akaufunga. Mama Rizq alihisi hofu ile ya zamani ikipanda, kama ilivyopanda kila siku, njia ileile. Akaiacha ipande. Hakukimbilia dirisha lolote.

"Wadie," akasema.

Galila akajishika kwenye nguzo. Abuna Bisenti akamchukua mtoto, akamzamisha mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na mara tatu Wadie akatoka majini akipiga kelele za kudai haki zake. Akapakwa mafuta, akavalishwa kanzu. Ilimkaa sawasawa, kama amepimwa kwa mikono.

Kisha yakaja maandamano ya kuzunguka kanisa, mishumaa mbele, vigelegele visivyo na hesabu, vile ambavyo mtaa ulikuwa umevikalia zaidi ya mwezi mzima. Yustina na Rizq walikuwa wanatabasamu na kulia pamoja. Mama Rizq, aliyekuwa amembeba mtoto, akasimama katikati ya njia, akamtia mikononi mwa Galila.

Galila akakakamaa. "Sijawahi... Mama Rizq, chukua. Watu wanatazama."

"Watazame. Msifu."

"Siwezi. Nimesahau namna."

"Ulikuwa hodari zamani. Msifu, Galila. Kwa sauti, wasikie."

Galila akamtazama mtoto. Alimtazama kwa muda mrefu, bila haraka, kama mtu aliyekaribishwa mezani baada ya kula jikoni miaka mingi.

"Mzuri," akasema. "Mzuri sana, jina la msalaba limzunguke." Akamsogezea kofia nyuma kidogo. "Ila masikio haya ni ya babu yake, Mungu amsaidie."

Kanisa likacheka, na katikati ya kicheko Wadie akapiga chafya.

Chafya kubwa. Kicheko kikakatika. Kila uso ukamgeukia Mama Rizq, na Galila, rangi imemtoka, akanyoosha mikono amrudishe mtoto upesi. Vidole vya Mama Rizq vilikuwa vimeshafika kwenye pindo la shela, kwenye fundo la ushanga, vyenyewe, kwa mazoea. Akavihisi hapo. Akavitoa, akavuta kofia ya mtoto chini kidogo, ifunike masikio.

"Maji ya Abuna ni ya baridi," akasema. "Mshike vizuri, Galila, tuendelee. Bado hatujafika hata nusu."